Goofy, silly, daft au zany: ulinganisho wa vivumishi vya upuuzi katika Kiingereza

Mswahili anayeandika Kiingereza mara kwa mara, awe mfasiri, mwalimu, mwanafunzi wa chuo au mtu aliyeoa ugenini, hukutana mapema na kundi la vivumishi ambavyo kamusi nyingi huvipa tafsiri moja tu: "-jinga, -pumbavu". Katika kundi hilo vimo "silly", "goofy", "daft" na "zany", na pembeni yake kuna "barmy", "dopey", "loony" na vingine vingi. Anayevichukua vyote kuwa sawa atajikuta siku moja amemwita mkwewe mpumbavu ilhali alikusudia kumsifu kwa ucheshi, au ametafsiri neno la upole kwa tusi na kuharibu mazungumzo mazima ya filamu au riwaya. Ninavyoona mimi, vivumishi hivi havipangwi kwa ukubwa wa ujinga vinaoutaja. Vinapangwa kwa aina ya mtu vinayemchora, kwa nchi vinakosemwa zaidi, na kwa kiasi cha upole kilichosalia ndani ya kila kimoja tangu kilipozaliwa. Kwa hiyo historia ya kila neno ina kazi ya vitendo: humwonyesha mchaguzi mahali neno linapokaa vizuri na mahali linapoumiza.

Kabla ya kuvilinganisha, inafaa kutazama jinsi sisi wenyewe tunavyofanya. Katika Kiswahili ukali wa neno hupunguzwa kwanza na uhusiano. Mjukuu anaweza kumwambia babu yake "mjinga wewe" na wote wawili wakacheka, na Mzaramo na Mnyamwezi, ambao ni watani tangu enzi za misafara, hutupiana hata msibani maneno ambayo yakitoka kwa mtu baki yataleta ugomvi. Neno lenyewe halikubadilika. Kilicholilainisha ni utani, na utani una wenyewe. Waingereza na Wamarekani nao hutaniana, lakini hawana utani uliopangwa kwa ukoo na kabila, unaomruhusu fulani kusema na kumkataza fulani. Kwao kazi ya kulainisha hubebwa na neno lenyewe, na ndiyo maana lugha yao imejiwekea akiba kubwa ya vivumishi vya upuuzi visivyouma, au vinavyouma kidogo tu. Asiyelijua hilo hutafuta katika Kiingereza neno lenye maana ya "mjinga" na kulitumia akitegemea utani umlinde, kumbe msikilizaji wake hana utani wowote naye.

Goofy

"Goofy" ndilo changa kuliko mengine matatu. Limetokana na nomino "goof", iliyoanza kuchapishwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa maana ya mtu zuzu. Wanaetimolojia wengi, yaani wachunguzi wa asili za maneno, huiunganisha nomino hiyo na "goff", neno la lahaja za Uingereza lililomaanisha juha, ambalo nalo hufikiriwa kuwa na udugu na "goffe" la Kifaransa cha zamani na "goffo" la Kiitalia. Mwitaliano hadi leo akisema "goffo" anamtaja mtu asiye mwepesi wa viungo: anayejikwaa kwenye zulia, anayemwaga chai akipokea kikombe, asiyejua aiweke wapi mikono yake akipigwa picha.

Maana hiyo ya mwili haikutoka ndani ya "goofy". Nomino zinazoandamana nalo ni tabasamu, uso, mwendo, kofia na kicheko. Mtoto akiwa katikati ya picha ya familia, jicho moja amelifumba, ulimi ameutoa pembeni na mikono ameipandisha masikioni, Mmarekani ataiandikia picha hiyo "goofy" na mama wa mtoto atafurahi; akiandika "stupid", mama atataka maelezo. Mtu mzima anayecheza muziki jikoni bila kufuata mdundo huku anakoroga sufuria naye ni "goofy", hasa ikiwa anajua kwamba anatazamwa na hajali. Neno hili halidai lolote kuhusu akili ya mtu. Profesa wa fizikia anaweza kuitwa hivyo na wanafunzi wake bila kupungukiwa heshima hata chembe.

Aliyelieneza duniani ni mbwa wa katuni wa studio ya Disney. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1932, akiwa mzee mwenye ndevu katika hadhira ya onyesho la Mickey Mouse, akitafuna karanga na kuwakera wenzake kwa kicheko chake, na jina lake la kwanza lilikuwa Dippy Dawg. Baada ya muda mfupi akafanywa kijana na kuitwa Goofy. Mtazame kwa karibu: mwili mrefu mwembamba, masikio meusi yanayoning'inia, kofia ndefu ya kijani, viatu vilivyoizidi miguu, na meno mawili ya mbele yaliyochomoza. Katika miaka ya 1940 alitengenezewa filamu fupi ambamo msimulizi mwenye sauti ya kitaalamu anaeleza namna ya kucheza besiboli au kuteleza kwenye theluji, na Goofy anajitahidi kwa moyo wote kufuata maelezo huku viungo vyake vikimkatalia. Hana hila, hadharau mtu, na akianguka huinuka akiwa na furaha ileile. Tabia hiyo ya mhusika imeingia katika kivumishi, hivi kwamba kumwita mtu "goofy" ni kusema pia kwamba vichekesho vyake havina ubaya.

Studio hiyohiyo ilipotoa filamu ya The Lion King mwaka 1994, ilimpa ngiri wake jina la Kiswahili: Pumbaa. Kuwaweka wahusika hawa wawili pamoja kunaonyesha vizuri kwa nini "-pumbavu" haliwezi kuwa tafsiri ya "goofy". Kupumbaa ni kuduwaa, mtu kubaki ameachama kwa fahamu kusimama. Na mpumbavu, aliyetokana na kitenzi hicho, ni yule ambaye fahamu zake zimelala na watu wamekwisha kukata tamaa ya kuziamsha. Mtu aliye "goofy" fahamu zake ziko macho. Kinachozidi kipimo ni miondoko yake. Kwa Kiswahili ningeandika "mtu wa vituko", na kwa kofia au tabasamu ningesema "la kuchekesha". "Bwege" hukaribia, kwa kuwa nalo lina picha ya mtu asiye na umahiri, lakini limebeba pia dharau kwa anayedanganywa kirahisi, na dharau hiyo haimo katika "goofy".

Mahali nako kuna sauti yake. Uingereza, meno "goofy" ni meno ya mbele yaliyochomoza, kwa hiyo kumwambia kijana wa Manchester kwamba ana tabasamu la namna hiyo kunaweza kuchukuliwa kuwa ni kumsema meno yake. Kwa wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na kwa wenzao wa ubao wa magurudumu na wa theluji, neno hili halina upuuzi wowote: ni istilahi ya anayetanguliza mguu wa kulia badala ya wa kushoto. Na Kanada, ambako wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi wamehamia, nomino "goof" ni tusi zito miongoni mwa watu waliopitia magereza, zito kiasi cha kuleta mapigano. Kivumishi hakina sumu hiyo, lakini mgeni ni afadhali aiache nomino kabisa.

Silly

"Silly" ndilo lililosafiri mbali zaidi kimaana. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "gesælig", na maana yake ilikuwa mwenye heri, mtu aliyejaliwa. Ndugu zake katika lugha jirani wamebaki na heshima hiyo: Mjerumani akisema "selig" anataja mtu mwenye heri, na Mholanzi ana "zalig". Katika Kiingereza neno likashuka ngazi moja moja. Mwenye heri akaonekana kuwa asiye na hatia. Asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa. Wa kuhurumiwa akawa mnyonge. Mnyonge akawa asiyejua mambo. Na kufikia mwisho wa karne ya 16 asiyejua mambo akawa mpuuzi. Ngazi hizo ziliishi pamoja kwa muda mrefu. Shakespeare, aliyeandika katika miaka hiyohiyo, anawataja kondoo "silly" akimaanisha wanyama wasio na mtetezi, na katika tamthilia nyingine genge la wanyang'anyi linakatazwa kuwadhuru wanawake "silly", yaani wanawake wasio na kinga.

Kwa msomaji wa Biblia jambo hili lina uzito wa pekee. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika 2 Timotheo 3:6, inazungumzia wanawake "silly" wanaotekwa na walimu wa uongo. Neno la Kigiriki lililopo hapo ni umbo la udogo la "wanawake", lenye dharau ndani yake, na "silly" la wakati ule lilikuwa bado linabeba udhaifu na wepesi wa kudanganywa pamoja na upuuzi. Biblia yetu ya Union Version inasema "wanawake wajinga", na hivyo msomaji wa Kiswahili anatua moja kwa moja kwenye ngazi ya mwisho bila kuziona zile za juu.

Hata hivyo "mjinga" nalo lina historia yake ya kushuka, na inasikitisha kwamba haifundishwi. Katika pwani ya karne ya 19 mjinga aliitwa mtu aliyefika karibuni kutoka bara, hasa mtumwa mpya ambaye hajaijua lugha wala desturi za mji. Alikuwa mgeni aliyenyimwa elimu ya mahali, na mji ukamgeuzia ugeni wake kuwa aibu. Mwalimu Nyerere alipoutaja ujinga kuwa mmoja wa maadui watatu wa taifa, pamoja na umaskini na maradhi, alikuwa na maana hiyohiyo ya kukosa elimu, ndiyo maana adui huyo aliweza kupigwa vita kwa madarasa ya watu wazima. "Silly" haimaanishi kukosa elimu hata kidogo. Daktari wa falsafa anaweza kuwa "silly" kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuna darasa la kumtibu, kwa kuwa hakuna asichokijua. Huu ndio ufa mkubwa kati ya maneno haya mawili ambayo kamusi huyafunga pamoja.

Matumizi ya leo yanaonyesha kwamba upole wa zamani haukuisha. Chukua tukio dogo: mgeni kutoka Mombasa amekaa wiki nzima kwa rafiki yake mjini Leeds, na asubuhi ya kuondoka anatoa noti ya pauni 20 ili achangie chakula. Mwenyeji anaikunja noti, anamrudishia mkononi na kusema, "Don't be silly." Kwa Kiswahili maneno hayo ni "Acha hizo, bwana" au "Wala usijisumbue". Hamna ujinga uliotajwa, na mwenyeji amesema hivyo kwa ukarimu. Mfasiri wa filamu atakayeandika "Usiwe mjinga" chini ya skrini atamgeuza mwenyeji kuwa mchokozi, na mtazamaji wa Tanga au Kisumu atabaki anasubiri ugomvi ambao hautatokea. Katika jibu la aina hii "silly" na "daft" hubadilishana nafasi bila shida. "Goofy" na "zany" haziingii kabisa.

Kuna upande wa pili ambao mtu mzima hana budi kuuangalia. "Silly" hutazama chini. Ni neno la mzazi kwa mtoto, na linapotoka kwa mzazi lina joto. Lakini mtu mzima akiambiwa na mwenzake katika kikao kwamba hoja yake ni "silly", anasikia kwamba amewekwa kwenye kiti cha mtoto. Wanawake wa Kiingereza wamelalamika kwa haki kwa miaka mingi kuhusu wepesi wa neno hili kuwarukia wao kuliko wanaume. Tafsiri inayolihifadhi hilo ni "-a kitoto" au "-a kipuuzi", nami napendelea ya kwanza pale msemaji anapokuwa na cheo kikubwa kuliko msikilizaji. Kwa mkubwa wa kazi, kwa mzee, kwa mama mkwe, neno hili halipandi. Lina njia ya kushuka tu.

Kosa la "silly" katika mtihani wa hesabu ni kosa la kizembe: mwanafunzi anajua, ila ameandika 7 mahali pa 1. Mwalimu anayeandika hivyo pembeni ya karatasi amempa mwanafunzi faraja, maana amesema kwamba tatizo haliko kwenye uelewa. Nao wapenzi wa kriketi, ambao Kenya ilikuwa nao wengi timu yake ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, wanajua kwamba mchezaji anayesimama "silly point" amesimama karibu mno na mwenye gongo, mahali ambapo mtu mwenye tahadhari hasimami.

Jirani yake "nice" alipita njia hiyohiyo kwa mwelekeo wa pili: alitoka kwa Kilatini "nescius", yaani asiyejua, akaingia Kiingereza mnamo 1300 akiwa na maana ya mpumbavu, na leo ni mtu mzuri.

Daft

Wazungumzaji wa kaskazini mwa Uingereza na wa Uskoti wakitaka kutaja upuuzi hawafikirii "goofy" hata mara moja. Neno lao la kila siku ni "daft". Asili yake ni "gedæfte" la Kiingereza cha kale, yaani mpole, mnyenyekevu, anayefaa. Kutokana na mzizi huo yamezaliwa maneno mawili yaliyoachana njia: "deft", ambalo ni mwenye ustadi wa mikono, na "daft", ambalo lilipita kwenye unyenyekevu likafika kwenye uzito wa akili na hatimaye upuuzi. Asili yake haiko mbali na ya "silly", kwani yote mawili yalianza na wema wa mtu asiye na makali, na jamii ikaugeuza wema huo kuwa kasoro.

Tofauti yao iko kwenye usawa wa macho. "Daft" husemwa na mtu kwa mwenzake aliye sawa naye: fundi kwa fundi, dada kwa dada, mume kwa mke wake wa miaka 40. Halimweki mtu kwenye kiti cha mtoto. Kwa sababu hiyo linaweza kuwa kali zaidi linapolenga wazo au uamuzi, kwa kuwa linamhesabu aliyeutoa kuwa mtu mzima anayepaswa kujibu. Mfanyakazi wa Sheffield akisema mpango wa ofisi ni "daft", amesema kwamba ni wa ovyo na kwamba waliouandika wanajua hivyo. Akisema ni "silly", amesema tu kwamba hauna uzito.

Waskoti wamelipa pia maana ya kupenda kupita kiasi. Mtu aliye "football-daft" ni yule ambaye sisi tungemwita mwehu wa mpira, na hakuna anayekusudia kumponda. Siku za sherehe za Krismasi na Mwaka Mpya ziliitwa kwao "daft days", na mshairi Robert Fergusson wa Edinburgh alizitungia shairi mwaka 1772. Uhuru wa siku hizo, watu wazima kula, kunywa na kucheza bila kuulizwa, unaeleza vizuri zaidi kuliko kamusi kwa nini neno hili halichukizi katika nchi ile.

Marekani "daft" linaeleweka lakini linasikika kuwa la Kiingereza cha ng'ambo, na Mmarekani akilisema huwa ameliazima makusudi. Wengi wa vijana duniani walilijua kwanza kupitia wanamuziki wawili wa Kifaransa, Daft Punk, ambao walilichukua kutoka kwa mhakiki wa gazeti la muziki la Uingereza, Melody Maker, aliyewakosoa kwa neno hilo walipokuwa bado kwenye bendi yao ya awali. Kwa Kiswahili, "daft" la mtu linaweza kuwa "zuzu" likisemwa kwa upendo, na "daft" la jambo ni "la ovyo" au "la kipuuzi".

Zany

Hapa maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa kuwa "zany" halina utata mkubwa. Katika lahaja ya Venice jina Giovanni, yaani Yohana wetu, hufupishwa kuwa Zanni. Katika karne ya 16 vikundi vya maigizo vya Italia vilimpa jina hilo mtumishi aliyetoka vijiji vya Bergamo: maskini, mwenye njaa, mwenye kinyago cha pua ndefu, anayemwiga bwana wake na kuvuruga kila anachotumwa. Waingereza walilipokea kabla ya 1600 kama nomino ya mchekeshaji anayeiga wengine, na baadaye likawa kivumishi.

Neno hili halikuondoka jukwaani. Filamu, tangazo, kipindi cha redio au mtindo wa uandishi huitwa "zany". Mtu wa kawaida nyumbani kwake haitwi hivyo isipokuwa anaishi kama vile anatazamwa na watu mia. Msomaji wa Kenya aliyekua na kipindi cha Vitimbi cha KBC ana tafsiri yake tayari, kwa sababu vitimbi ndivyo hasa vinavyotajwa: hila na vurugu za kuchekesha zilizopangwa na mtu ili zichekeshe. Katika Tanzania "vituko" hutosha, ila vituko vyaweza kumtoka mtu bila kukusudia, na kwa "zany" kusudi ni lazima. Hapo ndipo linapoachana na "goofy", ambalo linaweza kutokea lenyewe.

Yaliyo pembeni

"Barmy" ni la Uingereza, na asili yake ni "barm", povu la chachu linalofura juu ya pombe; mtu wa namna hiyo kichwa chake kimeumuka. Mashabiki wa kriketi wa Uingereza walioizunguka Australia pamoja na timu yao iliyokuwa ikifungwa mwaka 1994 na 1995 walipewa jina Barmy Army, na wakalipokea kwa furaha. "Dopey" limetokana na "dope", ambalo kwa Kiholanzi lilikuwa mchuzi mzito, kisha Marekani likawa afyuni iliyopikwa. Harufu ya dawa za kulevya haijaliacha, na singelitumia kwa mtoto wa mtu.

"Loony" nalishauri liachwe. Ni kifupi cha "lunatic", kutoka Kilatini "luna", mwezi, kwa imani ya kale kwamba mwezi huwatia watu wazimu. Marekani ililiondoa neno "lunatic" katika sheria zake za shirikisho mwaka 2012 kwa sababu linawadhalilisha wagonjwa wa akili. Sisi tuna deni lilelile: "taahira", "punguani" na "zezeta" hutupwa ovyo katika mazungumzo na vichekesho, na familia zinazolea watoto wenye ulemavu wa akili husikia kila mara. Mfasiri akikutana na "silly" na kalamu yake ikaandika "taahira", amemwumiza mtu ambaye hata hakuwamo katika maandishi ya mwanzo.

Kuchagua

Anayeandika kwa wasomaji wa nchi mchanganyiko, mathalani barua kwa ndugu walioko Minnesota, Birmingham na Toronto, atakuwa salama zaidi na "silly", kwa kuwa linaeleweka kote, mradi asilielekeze kwa mtu aliyemzidi umri au cheo. Akimsifu rafiki Mmarekani kwa ucheshi wake katika hotuba ya harusi, "goofy" ni zuri kuliko yote, na akiwa Glasgow au Leeds, "daft" likifuatwa na neno la mapenzi litapokelewa kwa vicheko. Katika ripoti ya kazi, maombi ya ufadhili au barua ya kumpendekeza mtu, yote manne yakae nje, hata yale ya upole, kwa sababu ni maneno ya mazungumzo, na msomaji asiyemjua mwandishi hana uso wa kutazama ili ajue ametabasamu au amekunja. Anayehakiki tamthilia ya vichekesho atumie "zany" mara moja tu. Likirudiwa linachosha kuliko mengine.

Kazi ngumu zaidi huwa kwa anayetafsiri hadithi zetu kwenda Kiingereza. Fisi anayefika njia panda, akasikia harufu ya nyama katika njia zote mbili, akatia miguu kila upande hadi akapasuka msamba, huitwa "silly" katika tafsiri nyingi za watoto. Nadhani anadhulumiwa. "Silly" linamsamehe, "goofy" linamfanya mchekeshaji wa viungo, "daft" linamfanya jirani yetu wa kupendwa, na "zany" linadai kwamba alikusudia kutuchekesha. Msimulizi wa Kiswahili hamsamehi fisi: anatuonyesha uroho unaolipwa papo hapo. Kwake ningeandika "foolish", lililotoka Kilatini "follis", mfuko wa mvukuto uliojaa upepo, kwa kuwa katika ukoo huu wote ndilo linalohukumu uamuzi wa mtu bila kumwonea huruma na bila kumtukana.